Huu Wata

Bwana Taibali ataka kila waya uwe na jina
kabla ya Ijumaa, kabla mtu wa bima hajaja.
Nikafungua sanduku la umeme nyuma ya cherehani
nikakutana na matumbo ya papa:
utumbo juu ya utumbo, mwingine wa rangi
ambayo chumvi imeisahaulisha.

Nilianza na lebo za karatasi.
Rahisi, shilingi hamsini bunda zima.
Lakini Kibokoni ukuta hutoka jasho usiku
na gundi ya hamsini haina subira.
Nilizibandika Jumatatu jioni.
Jumanne nikazikuta sakafuni, kifudifudi,
kama watoto wa chuoni waliosinziia msahafu.

Basi rangi. Tepu nyekundu ya pasi,
kijani ya cherehani, buluu ya mapangaboi.
Nikamwambia Chengo, "Zima hiyo nyekundu."
Akashika ya kijani.
Nikarudia. Akashika ya kijani tena,
akanitazama kwa imani yote.
Miezi saba nimefanya kazi na kijana huyu,
nimempa koleo, nimempa roho yangu juu ya ngazi,
na sikujua kwamba kwake rangi hizo mbili
ni mapacha waliovishwa kanzu moja.
Nilikaa juu ya kreti ya soda
hadi magoti yaliponitulia.

Ndipo nikanunua vipete vya plastiki vyenye nambari.
Ghali. Lakini nambari haifi kwa jasho
wala haimbagui mtu kwa macho yake.
Kasoro yake moja: kipete huvishwa
kabla ya waya kufungwa.
Ukishafunga, umechelewa, sharti uanze kufungua,
na kila nilipofungua
nilikuta plasta ya kidonda, ile ya pinki,
na mwandiko wa marehemu Kombo Shali:

PASI.
PASI YA PILI.
TAA YA KHALFANI (Khalfani nani? Duka halina Khalfani).
SIJUI.
SIJUI PIA.

Nilicheka peke yangu, bisibisi mdomoni.
Moja, mbili, tatu, nikavisha vipete,
nikang'oa plasta, nikazitia mfukoni
maana kuzitupa mkono ulikataa.

Wa ishirini na tatu ulikuwa mweusi, mwembamba,
umejibana nyuma ya wenzake kama mgeni asiyealikwa.
Plasta yake ilizungushwa mara mbili:

HUU WATA.

Mimi si mtu wa kuambiwa wata nikawata.
Niliufuata chini ya meza ya kukatia,
ukapenya ukuta palipozibwa kwa sabuni,
ukatoka kichochoroni, ukapanda ubavuni mwa bomba,
ukaingia dirishani kwa Bi Mwanaiki.
Pangaboi moja la mezani. Taa ya choo. Basi.
Alikuwa akisuka ukili, miguu juu ya mto.
"Umeme huu, bibi, wa tangu lini?"
"Tangu Kombo yu hai."
Akalowesha kidole, akaendelea na ukili wake.

Nilirudi nikashika kipete cha ishirini na tatu.
Daftari likanisubiri: nambari huku, kazi yake kule.
Ningeandika nini? *Pangaboi*, ni kweli,
lakini la nani? *Taa*, ya wapi?
*Akiba*, ni uongo, tena uongo unaoonekana.
Chengo akasema, "Tukate?"
halafu akajijibu mwenyewe kwa kunyamaza.

Kile kipete nikakirudisha kwenye pakiti.
Nikachukua mpira mwangavu, ule unaonywea kwa moto,
nikauvisha juu ya plasta ya Kombo
na kiberiti nikaupitisha polepole,
ukaukumbatia mwandiko, jasho lisiingie.

Alhamisi Bwana Taibali akaja na miwani yake.
Kidole kikapita: ishirini na moja, ishirini na mbili.
Kikasimama.
"Na huu?"
"Huu una lebo tayari."
Akainama. Akasogeza taa.
Nyuma ya ukuta, kwa mbali,
pangaboi la mezani liligonga, likagonga, likagonga,
parafujo moja imelegea.

"Wata," akasema.

Mpaka leo sijui
alikuwa akisoma, au akiniamuru.